Barua Haiombwi Langoni

Chuo kilitaka barua tatu. Mbili zilikuwa zimekwisha kwenda, maana walimu wangu wa Makerere hawakujua kwamba mume wangu amekufa, na mimi sikuwaambia. Waliandika habari za hadubini na majani, basi. Ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Ilitakiwa itoke kwa mtu wa kuheshimika wa huku nyumbani, asiye ndugu wala mkwe, aseme mimi ni mtu wa namna gani. Nisipoipata kabla ya mwisho wa Mei, nafasi yangu ya kusomea shahada ya pili Uskoti ingepewa mtu mwingine, na mimi ningebaki kisiwani Rusinga, katika nyumba ya marehemu, nikingoja kurithiwa.

Neno hilo nalitaja waziwazi kwa sababu siku zile kila mtu alilizunguka kana kwamba ni nyoka. Mume wangu, Walter, alizikwa Januari, mwaka wa sitini na saba. Kwetu sisi Wajaluo, mjane huwa ndani ya chola, yaani amebeba kifo, mpaka ndugu wa marehemu amchukue na kumtoa humo. Kabla ya hapo haingii kwa watu. Akivuka lango la boma la mwingine, wenye boma wataugua, na wa kwanza kuugua ni watoto wachanga. Ndugu niliyepangiwa alikuwa Cephas, mdogo wake Walter, mtu wa wake wawili tayari na kikohozi cha tumbaku. Sikumchukia Cephas. Nilimkataa tu, na hilo lilitosha kunifanya kisirani wa kisiwa kizima.

Sasa oneni nilivyobanwa. Kwetu jambo kubwa haliombwi njiani. Unamwendea mtu nyumbani kwake, unakaribishwa, unaketi, unakula, ndipo unaeleza kilichokuleta. Mtu akishakulisha na kukusikiliza, hawezi kukuruka. Ukimwomba umesimama langoni, bado hujamwomba. Anaweza kuitikia vizuri leo, kesho asifanye lolote, na hakuna atakayemlaumu. Basi mimi nilikuwa na jambo la kuomba, na sikuruhusiwa kuketi kwa mtu yeyote.

Nilikuwa na majina matatu kichwani. La kwanza lilikuwa la Mchungaji Nashon, aliyetufungisha ndoa mimi na Walter. La pili, Bwana Dishon, mkuu wa shule niliyokuwa nikifundisha Homa Bay. La tatu lilikuwa la Mwalimu Filister wa Suna, kule Migori nilikozaliwa, aliyenifundisha tangu sijui kushika kalamu. Huyo nilimweka mwisho kwa sababu nilimwogopa. Nilipoomba nafasi ya sekondari, yeye ndiye aliyeniandikia barua, na mkuu wa shule ile akaisoma mbele ya wasichana wote: "Ana akili. Ana hasira pia, na hajajifunza kuinyamazisha." Nafasi niliipata. Lakini kwa miaka minne sikuitwa Jedidah tena, niliitwa Hasira. Mtu wa namna hiyo humwombi barua mpaka wengine wote wamekushinda.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili, kila mtu yuko kwake, kwa hiyo hata ofisini nisingemkuta mtu. Nikamwambia mama mkwe wangu kwamba nina safari. Mama Benta alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuwa akisugua sufuria moja tangu mazishi kama vile haijatakata. Hakuniuliza safari ya nini. Alifunga leso kichwani, akasema, "Nyar Suna, mjane hatembei peke yake. Twende."

Nyar Suna ni binti wa Suna. Ndivyo mke anavyoitwa kwetu, kwa mahali alikotoka, na yeye hakuwahi kuniita vingine. Nilijua anakuja kunilinda nisitoroke. Alikuwa na sababu. Walter na mimi hatukupata mtoto, na mtoto ambaye ningezaa na Cephas angehesabiwa kuwa wa Walter, angebeba jina lake, angelima shamba lake. Mama Benta alikuwa akimngoja mtoto huyo. Tangu Januari alikuwa amenitajia mara moja tu, akanisubiri nijibu, na mimi nikamjibu vibaya. Hakurudia tena, na ule ukimya wake ulinichoma kuliko kelele za Cephas.

Mchungaji Nashon aliishi hapo hapo kisiwani. Alituona tukipanda mlima, akatoka upesi kutulaki kwenye ua wa miti ya minyaa, miwani yake ya kusomea bado usoni. Alitupokea vizuri. Alituombea tumesimama, akamwombea marehemu, akaniombea na mimi nitiwe nguvu. Ila mwili wake ulikuwa umeziba lango barabara.

Nilimweleza shida yangu papo hapo, nikijua kabisa kwamba naomba mahali pasipoombwa.

"Dada Jedidah," akasema, "mimi binafsi siamini mambo haya ya chola. Umenisikia nikihubiri."

"Nimekusikia, Mchungaji. Ulihubiri hata siku ya mazishi."

"Naam. Lakini kundi linaamini. Nikikuingiza leo, Jumapili nitahubiria mabenchi." Akavua miwani, akaipangusa. "Maliza kwanza mambo ya nyumbani. Kimyakimya tu, bila watu wengi. Kisha njoo, tuketi, tule, na nitakuandikia barua nzuri sana. Nitasema wewe ni Mkristo imara, usiyeyumbishwa na mila."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka chenyewe, kikali, na mke wa Mchungaji akachungulia dirishani kuona kuna nini. Mchungaji akaona haya, au labda alikasirika, sikungoja kujua. Niligeuka nikaanza kushuka mlima. Mama Benta alibaki nyuma kidogo. Alikuwa akimtazama Mchungaji kama anavyomtazama mtu anayeuza samaki wa jana. Siku ya mazishi Mchungaji alikuwa amekula nyama nyumbani kwetu mpaka akaomba ya kufungiwa, na mama mkwe wangu ndiye aliyemfungia.

Kesho yake tulivuka kwa mashua hadi Homa Bay. Bwana Dishon alikuwa na nyumba ya mabati juu ya mji, na gari lake jeupe lilikuwa limeegeshwa nje kabisa ya lango ili wapita njia wasikose kuliona. Yeye mwenyewe alitoka akiwa amevaa tai, siku ya likizo.

"Madam Jedidah! Pole, pole sana. Mzee Walter alikuwa jentlomani." Hakutaja kuingia ndani, na mimi sikutaja. Nilipomaliza kueleza, akatikisa kichwa kama mtu aliyeombwa kiberiti. "Hiyo tu? Hakuna shida yoyote. Wewe andika mwenyewe, mimi nitasaini. Unajua unachotaka kisemwe, sivyo?"

Alifungua gari, akatoa karatasi safi yenye nembo ya shule, akaiweka juu ya boneti na kutia sahihi chini kabisa. Juu ya sahihi hapakuwa na neno hata moja. Akanipa akiwa ameishika kwa ncha, nami nikaipokea kwa ncha ya upande wa pili, vidole vyetu visikutane.

"Ukishaandika, peleka posta moja kwa moja. Na ukifika huko Ulaya usitusahau."

Basi nilikuwa nimepata barua yangu ya tatu. Tulishuka mjini, tukaketi kwenye benchi nje ya posta, nikatoa kalamu. Moyo ulikuwa ukinidunda kwa furaha, nikaona hata ziwa limependeza siku ile. Mama Benta aliitazama ile karatasi, yeye ambaye hakusoma.

"Ameandika nini?"

"Bado hajaandika. Ameweka jina lake tu. Mengine nitaandika mimi."

Aliwatazama wanawake waliokuwa wakianika samaki. "Mwanangu alipotaka kukuoa," akasema, "tulituma mtu mpaka Suna akaulize habari zako. Aliuliza majirani, aliuliza kanisani, aliuliza hata mahali mnapochota maji. Wewe hatukukuuliza."

Nikakasirika. Nilidhani ananiharibia kwa makusudi, kwamba sasa ameona mlango umefunguka na anataka kuufunga. Nikainama nikaandika, kwa penseli kwanza: Jedidah ni mwalimu mwenye bidii na tabia njema. Nikaisoma. Nikaona ni mimi tu, nimekaa kwenye benchi, najisifu kwa jina la mtu aliyeogopa kunigusa mkono. Uskoti wangeniamini, na mimi ningeishi kule miaka miwili nikijua kwamba katika nchi yangu yote hapakupatikana mtu mmoja wa kunisemea. Nikafuta ile penseli. Karatasi sikuitupa, sikuwa mjinga kiasi hicho. Niliikunja nikaitia mkobani, tukaenda kutafuta basi la Migori.

Njia ya kuingia Suna inapita karibu na kwetu. Mama yangu mzazi alikuwa hai, yuko kule nyuma ya kilima, na mjane aliye ndani ya chola haingii hata kwa mama yake. Niliona paa la nyumba yetu kwa mbali na moshi wa jikoni ukipanda. Nikageuza uso upande wa pili. Mama Benta aliona, lakini alitazama mbele na kushika njia.

Mwalimu Filister alikuwa amestaafu na kujenga nyuma ya maduka ya Wahindi, uwanja mdogo wenye ua wa matete na lango la mbao lililokuwa wazi. Tulimkuta ameketi kivulini akichambua maharage, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, ila yale macho ni yale yale. Nikasimama nje ya lango, mahali pangu pa siku zile, nikafungua mdomo nianze kueleza.

"Hapo unamwambia nani?" akauliza. "Ingia."

"Mwalimu, pengine hujasikia..."

"Nimesikia Januari. Ingia, Jedidah."

Hapa ndipo nilipoaibika. Tangu Rusinga nilikuwa nikiwalaani wenye malango, nikiwaita waoga na wanafiki, nikijisifu moyoni kwamba mimi peke yangu katika wilaya nzima ndiye niliyeshinda ujinga. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya mimea. Sasa lango liko wazi, mwenye nyumba ananiita kwa jina, na miguu yangu haikwenda. Kando ya Mwalimu, juu ya mkeka, palikuwa na mtoto mchanga akirusharusha mateke.

"Mwalimu," nikasema, "hapo kuna mtoto."

"Najua kuna mtoto. Ni Pamela, mjukuu wangu." Akaweka ungo chini. "Ile hasira yako leo iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na hofu tupu. Niliogopa kwamba nitaketi pale, nitakula, nitapewa barua yangu, na wiki ijayo nitasikia kwamba yule mtoto ameanza kukonda. Akili ilinieleza mambo yote iliyosomeshwa, na mwili haukusikiliza. Nilirudi nyuma hatua moja. Nadhani ningerudi mpaka kituo cha basi.

Ndipo mkono ukashika wangu. Ulikuwa mkono mkavu, wenye sugu za kusugua sufuria. Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amenishika mkono, na sikutegemea kwamba wa kwanza angekuwa yeye.

"Kama kifo kingebebwa mwilini," akasema Mama Benta, "mimi niliyemzaa mwenye kufa ningekuwa nimewamaliza watu wote. Twende, Nyar Suna."

Alitangulia kuvuka, akinivuta. Alikuwa akitetemeka, niliusikia mtetemo huo ukija mpaka begani mwangu. Alifika mkekani, akaketi bila kuambiwa, akamchukua yule mtoto na kumpakata.

Tulikula ugali kwa omena, wale dagaa wa ziwa letu. Mwalimu Filister hakuzungumza la maana tulipokuwa tukila, wala hatukumtaka azungumze. Tulipokwisha kunawa, nikaomba. Niliomba nikiwa nimeketi, nimeshiba, kama mtu anavyopaswa kuomba. Nikamwonyesha hata ile karatasi ya Bwana Dishon, maana sikutaka kumficha kitu. Aliitazama mbele na nyuma.

"Hii ya nini kwako?"

"Ilikuwa ya akiba, Mwalimu."

"Unaitaka bado?"

Nikaichukua kutoka mkononi mwake, nikaisogeza motoni, chini ya sufuria ya maharage aliyokuwa amebandika. Ilishika moto upande wenye nembo kwanza.

"Haya," akasema. "Nikiandika, nitaandika yote. Mara ya mwisho ulininunia miaka minne."

"Andika yote, Mwalimu."

"Tatizo ni kwamba sikujui." Nikashtuka. Akaendelea, "Nilimjua mtoto. Mke sikumjua, wala mjane. Siwezi kuandika kwamba mtu ni wa namna gani kwa kumkumbuka akiwa na miaka kumi na mitatu." Akamgeukia mama mkwe wangu. "Mama Walter, najua chuo hakitaki mkwe aandike. Hakikusema nisikuulize. Umekaa na huyu. Niambie."

Nilifikiri nimekwisha. Nilijua niliyomjibu mwanamke huyu na sauti niliyomjibu nayo.

Mama Benta alimtazama mtoto, hakunitazama mimi. "Anajibu," akasema. "Kila neno analo jibu lake. Ugali wake una madonge. Ukimkosea hasahau, na ukimsaidia hasemi asante mpaka siku ya tatu."

Mwalimu Filister hakucheka. Alikuwa akisikiliza.

"Mwanangu alipougua, watu walikuja siku za mwanzo, kisha wakapungua. Huyu aliacha kazi akaja kumwuguza. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, na mwanangu alikuwa mtu mzito. Mchana alimsomea gazeti, kwa kuwa Walter alipenda kujua dunia inaendaje. Siku ile ya mwisho mimi nilikuwa mlangoni. Niliona macho ya mwanangu yamesimama. Huyu pia aliona. Hakupiga yowe. Aliendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa, ndipo akakunja gazeti, akamfumba macho." Akamweka mtoto vizuri begani. "Nilijiuliza ni moyo gani huu. Baadaye nikaelewa kwamba hakutaka kumkatiza."

Sikujua kwamba alikuwepo mlangoni. Miezi yote ile nilidhani siri hiyo ni yangu na Walter. Nikalia pale, mbele ya mwalimu wangu, kilio nilichokuwa nimewanyima wote kule Rusinga, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

"Nitasema na hili," Mama Benta akaendelea. "Nilitaka abaki anizalie mtoto wa Walter. Bado nataka. Hata sasa hivi nikiwa nimempakata huyu, nataka. Lakini umeniuliza yeye ni mtu wa namna gani, hukuniuliza mimi nataka nini."

Mwalimu Filister akaingia ndani, akatoka na meza ndogo, wino na karatasi. Akaandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, herufi zote zimesimama wima. Sikuchungulia. Mpaka leo sijui kama neno hasira lilikuwemo. Alipofika mahali fulani akasimamisha kalamu.

"Jina nitaandika lipi? La baba yako au la mume wako?"

Vyeti vyangu vyote vya Makerere vilikuwa na jina la baba, maana nilisoma kabla ya kuolewa. Zile barua mbili vivyo hivyo. Lakini nilimtazama mama mkwe wangu, mtoto wa watu amemlalia kifuani, nikatafuta kitu cha kumpa na sikuona kingine nilichokuwa nacho.

"La Walter," nikasema. "Andika Jedidah Walter. Nitakwenda nalo."

Kalamu ilikuwa inaanza kushuka.

"Hapana," akasema Mama Benta. Alikuwa akimpigapiga Pamela mgongoni, taratibu, kama amesahau kwamba kuna watu. "Andika la baba yake. Ndilo wanalomjua kwalo huko anakokwenda." Akamwinamia mtoto. "La Walter niachieni mimi."

Mwalimu Filister akaandika la baba yangu.